UCHAMBUZI: Folda ya barua taka yaweza kuigharimu afisi zabuni na kesi

CHUKUA mfano wa kampuni ndogo ya ujenzi mjini Nakuru iliyowasilisha zabuni ya kukarabati zahanati. Kila asubuhi karani wake hufungua tarakilishi, akafuta matangazo ya mikopo na semina, kisha akamwarifu mkurugenzi kwamba bado hakuna neno kutoka kwa serikali ya kaunti. Siku moja, katika kutafuta risiti iliyopotea, anafungua folda ya barua taka, ile ambayo wengi afisini huiita spamu. Humo anakuta notisi ya matokeo ya zabuni. Imekaa siku 19, ikiwa imebanwa kati ya tangazo la dawa za kupunguza unene na salamu za mtu asiyejulikana anayetafuta wa kugawana naye urithi wa mamilioni ya dola.

Kampuni hiyo ni ya kubuni, lakini sheria inayoingoja si ya kubuni. Kifungu cha 167 cha Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 humpa mzabuni asiyeridhika siku 14 za kuwasilisha malalamishi mbele ya bodi ya rufaa baada ya kujulishwa matokeo. Kampuni ya mfano huu italazimika kwanza kuishawishi bodi kwamba siku zihesabiwe kuanzia barua iliposomwa, wala si ilipotumwa. Hata kama ilinyimwa kandarasi kwa hila, hoja yake ya kwanza itakuwa kuhusu folda.

Kisa cha aina hii kinafichua kasoro katika fikra za afisi nyingi. Kichujio cha barua pepe hupimwa kwa uchafu kinaouzuia. Mfanyakazi akiona matangazo machache kikashani, huridhika kwamba mtambo unafanya kazi. Ni nadra kwa mtu kuuliza ni barua ngapi halali zilizozuiwa pamoja na uchafu huo.

Makosa ya kichujio ni mawili, na hayana sura moja. La kwanza ni kuruhusu taka kupenya. Hilo huonekana papo hapo na kumkera mhusika. La pili ni kuzuia barua njema. Hilo halionekani, maana barua isiyosomwa haimkeri yeyote hadi siku madhara yake yatakapobisha hodi. Kwa sababu hiyo, afisi hulalamikia kosa la kwanza kila siku na kulisahau la pili, ilhali katika Kenya ya leo la pili laweza kuwa ghali vivyo hivyo.

Vita vya tangu 1978

Tatizo lenyewe ni kongwe kuliko wavuti. Mnamo Mei 3, 1978, Gary Thuerk, afisa wa mauzo katika kampuni ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani, aliwatumia watu wapatao 400 tangazo moja kupitia ARPANET, mtandao uliozaa intaneti. Wengi wa waliolipokea walighadhabika. Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walitapakaza katika maelfu ya majukwaa ya mtandao wa Usenet tangazo la kuwasaidia wageni kuingia katika bahati nasibu ya viza za Marekani. Tangu hapo biashara ya taka ikapata mkondo.

Vichujio vya awali vilitegemea sana orodha za maneno. Barua yenye neno lililopigwa marufuku ilizuiwa, na watumaji nao wakajifunza kuendeleza maneno vibaya kimakusudi ili wapite. Mnamo Agosti 2002, mtaalamu wa programu Paul Graham alichapisha makala yaliyoipa nguvu mbinu nyingine. Alipendekeza kichujio kipewe barua nzuri na mbaya za mwenye akaunti, kisha kijifunze chenyewe uwezekano wa kila neno kuonekana katika kundi mojawapo. Hesabu hiyo ina asili yake katika kazi ya Thomas Bayes, kasisi Mwingereza wa karne ya 18.

Matumaini yalipanda. Januari 2004, Bill Gates wa kampuni ya Microsoft aliuambia mkutano wa kiuchumi wa Davos, Uswisi, kwamba tatizo hilo lingekuwa limetatuliwa katika kipindi cha miaka miwili. Halikutatuliwa. Miaka 20 baadaye, kampuni ya usalama wa mitandao ya Kaspersky ilikadiria kwamba karibu nusu ya barua pepe zote zilizotumwa duniani mnamo 2024 zilikuwa taka.

Basi anayependekeza kichujio kizimwe ili barua zote zifike hajui anachokiomba. Bila kichujio, karani angeshinda akifuta kutwa kucha, na kwa uchovu huenda angefuta hata hiyo notisi ya zabuni. Suala ni jinsi ya kuishi na mlinzi ambaye hufanya kazi vizuri mno lakini si maasumu.

Kampuni ya Google ilitoa kipimo cha umaasumu huo Julai 2015. Ilisema kwamba, kwa mtumiaji wa kawaida wa Gmail, barua halali zinazotupwa katika folda ya taka hazifiki asilimia 0.05, yaani chini ya barua moja kati ya 2,000. Kwa mtu binafsi hilo ni jambo dogo. Lakini afisi inayopokea barua halali 200 kwa siku yaweza, hata kwa kiwango hicho kizuri, kupotelewa na barua karibu moja kila baada ya siku 10 za kazi. Katika mwaka wa siku 250 za kazi, hizo zakaribia 25. Inatosha moja tu kati ya hizo iwe ya wakili, ya mteja mkubwa au ya mtoza ushuru.

Namna kichujio kinavyoamua

Ili kuelewa ni kwa nini barua njema hukamatwa, ni muhimu kujua kichujio hutazama nini. Kwanza, hutazama kama mtumaji ndiye anayejidai kuwa. Anwani ya barua pepe ni rahisi kughushi, sawa na mtu kuandika jina la mwenzake nyuma ya bahasha. Kwa ajili hiyo kuna mifumo mitatu ya kuthibitisha mtumaji, inayojulikana kwa vifupisho vya SPF, DKIM na DMARC. SPF hutangaza seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kampuni. DKIM huweka muhuri wa siri unaoonyesha kwamba barua haikubadilishwa njiani. DMARC humwagiza mpokeaji la kufanya endapo ukaguzi huo utafeli.

Kampuni ambayo haikuweka mifumo hiyo hufanana na mgeni aliyefika langoni bila kitambulisho. Huenda ni mtu mwema, lakini bawabu hana namna ya kujua. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwataka wanaotuma barua nyingi, kwa Google zikiwa ni takriban 5,000 au zaidi kwa siku kwa wenye akaunti za Gmail, waweke mifumo yote mitatu. Aidha, katika barua za matangazo, ni lazima waweke njia rahisi ya mpokeaji kujiondoa, na wahakikishe malalamishi dhidi yao hayafiki asilimia 0.3. Hata watumaji wadogo wanatakiwa wawe na angalau mfumo mmoja wa uthibitisho.

Pili, kichujio hutazama sifa ya seva iliyotuma. Kuna mashirika yanayohifadhi orodha nyeusi za seva zinazotapika taka, maarufu zaidi likiwa Spamhaus, lililoanzishwa London mwaka wa 1998. Hapa biashara ndogo huumia bila hatia. Mwenye duka la vipuri anayelipia huduma nafuu ya tovuti huwekwa katika seva moja na mamia ya wateja wengine asiowajua. Akaunti ya mmoja wao ikitekwa na wadukuzi na kutumiwa kusambaza taka, seva nzima yaweza kuorodheshwa. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Ankara ya mwenye duka huangukia spamu, naye hubaki akishangaa kwa nini mteja halipi.

Tatu, kichujio hutazama yaliyomo na mwenendo wa wapokeaji. Barua fupi yenye kiambatisho na maneno ya haraka kuhusu malipo hufanana na ya tapeli, hata ikiwa imeandikwa na mhasibu mwaminifu. Isitoshe, kichujio hujifunza kutokana na vidole vya wafanyakazi wenyewe. Mfanyakazi aliyechoshwa na jarida la kila wiki la msambazaji wa bidhaa hubonyeza kitufe cha kuliita taka kwa sababu ni njia ya mkato. Hajui kwamba anakifundisha kichujio kumshuku msambazaji huyo, na pengine siku nyingine stakabadhi ya bidhaa ikafuata njia ile ile ya jarida.

Sheria haiulizi iwapo ilisomwa

Haya yote yangebaki kero ya afisini kama si mabadiliko yaliyotokea nchini katika miaka ya karibuni. Mambo yaliyokuwa yakifika kwa mkono wa tarishi, yakatiwa sahihi na kupigwa muhuri, sasa hufika kwa barua pepe.

Mfano bora ni samansi za mahakama. Marekebisho ya mwaka wa 2020 ya Kanuni za Kesi za Madai yaliruhusu mshtakiwa kukabidhiwa samansi kwa barua pepe, katika anwani yake ya mwisho iliyothibitishwa na kutumika. Chini ya kanuni ya 22B ya Agizo la 5, samansi huchukuliwa kuwa imekabidhiwa pale mtumaji anapopokea ithibati kwamba ujumbe umefika.

Uzito wa kanuni hiyo umo katika neno moja: umefika. Kanuni haisemi umesomwa. Kwa seva, barua iliyowekwa katika folda ya taka imefika sawasawa na ile iliyowekwa kikashani. Mdai anaweza kuwa na ithibati mkononi huku mshtakiwa akiapa kwa dhati kwamba hajaona chochote, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Mshtakiwa asipojitokeza, mdai ana njia ya kuomba hukumu itolewe bila ya kusikiza upande wa pili. Mahakama ina mamlaka ya kuifuta hukumu kama hiyo, lakini kuifuta ni kesi nyingine, na kesi ina gharama.

Ushuru nao una saa yake. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 humpa mlipa ushuru siku 30 baada ya kuarifiwa kuhusu uamuzi kuwasilisha pingamizi. Kwa sadfa isiyofurahisha, siku 30 ndio muda ambao Gmail huzihifadhi barua zilizomo katika folda ya taka kabla ya kuzifuta kabisa. Hivyo basi, afisi isiyofungua folda hiyo kwa mwezi mzima yaweza kupoteza haki na kupoteza pia barua iliyoizungumzia haki hiyo.

Inafaa kusemwa kwamba taasisi za umma nazo zina mchango katika tatizo hili. Afisi ya serikali inayotuma notisi rasmi kutoka kwa akaunti ya kibinafsi ya mfanyakazi, au kutoka kwa anwani isiyo na uthibitisho unaofaa, inamwekea mwananchi mtego bila kukusudia. Anayetaka barua yake iwe na nguvu ya kisheria anapaswa kuanza kwa kuipa kitambulisho.

Kikasha nacho si mahali patakatifu

Upo upande wa pili wa shilingi. Kadiri vichujio vinavyosifiwa, ndivyo wafanyakazi wanavyoamini kwamba kila kilichofika kikashani kimekaguliwa na ni salama. Imani hiyo ndiyo mtaji wa matapeli wa leo.

Ulaghai unaoziumiza kampuni zaidi si ule wa urithi wa mamilioni, ambao hata mtoto wa shule ameuzoea. Ni barua fupi, safi, isiyo na kiungo wala kiambatisho, inayoonekana kutoka kwa mkurugenzi au msambazaji wa kila siku, ikisema kwamba akaunti ya benki imebadilika na malipo yajayo yaelekezwe kwingine. Haina neno chafu la kushikwa na kichujio. Wakati mwingine hutumwa kutoka kwa akaunti halisi ya msambazaji iliyodukuliwa, hivyo hupita ukaguzi wote wa utambulisho.

Hata mabingwa wa teknolojia wameangukia mtego huo. Kati ya 2013 na 2015, raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alijifanya kampuni ya Quanta Computer ya Taiwan na kutumia ankara na barua pepe bandia kuzilaghai Google na Facebook zaidi ya dola 100 milioni. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano nchini Marekani mnamo Desemba 2019. Ikiwa kampuni zinazojenga vichujio vya dunia zililipa ankara hizo, mhasibu wa chama cha ushirika hana sababu ya kujidhania kwamba yeye hawezi kulaghaiwa. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea ripoti za hasara ya takriban dola 2.8 bilioni kutokana na ulaghai wa aina hii kwa mwaka wa 2024 pekee.

Kenya ina sheria. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 kilimwekea anayetuma ujumbe wa kuwanasa watu watoe habari zao za siri adhabu ya faini isiyozidi Sh300,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inamzuia mfanyabiashara kutumia data za mtu kibiashara bila idhini yake au ruhusa ya sheria. Lakini sheria humfuata mkosaji baada ya kosa, na mkosaji wa mtandaoni mara nyingi yuko ng'ambo. Ulinzi wa kwanza hubaki kuwa utaratibu wa afisi yenyewe.

Jukumu la nani?

Katika afisi nyingi, swali hili halina jibu. Mfanyakazi hudhani ni kazi ya idara ya teknolojia. Idara nayo hudhani kila mtu anakagua folda yake. Kati ya dhana hizo mbili, barua huoza.

Utaratibu unaofaa hauhitaji fedha nyingi. Jambo la kwanza ni kuweka mtu na saa. Anwani zinazopokea mambo yenye tarehe ya mwisho, kama vile zabuni, kesi, ushuru na ankara, zikaguliwe folda zake za taka kila siku ya kazi, na mhusika aandike kwamba amekagua. Kazi hiyo huchukua dakika chache, kwani hutazamwa tu jina la mtumaji na kichwa cha barua. Anwani hizo zisiwe za mtu binafsi, maana akienda likizo au akiacha kazi, huondoka na masikio ya kampuni.

La pili ni kujua kwamba folda ya taka si maficho pekee. Mifumo mingi ya kiafisi huwa na karantini, mahali ambapo barua zinazoshukiwa zaidi huzuiliwa hata kabla ya kufika katika akaunti ya mfanyakazi. Zingine haziwezi kuonekana wala kufunguliwa ila na msimamizi wa mitambo. Afisi inayokagua folda bila ya kuuliza habari za karantini imefagia sebule na kusahau ukumbi.

La tatu ni kurekebisha kichujio kwa makini. Barua njema ikipatikana katika taka, itiwe alama ya kuonyesha kwamba si taka, badala ya kusomwa na kuachwa humo. Mtumaji anayeaminika anaweza kuongezwa katika orodha ya wanaoruhusiwa, lakini iwe ni anwani yake kamili au jina la mtandao wa taasisi yake. Kuruhusu kila barua inayotoka Gmail kwa sababu mteja mmoja hutumia Gmail ni kuliacha lango wazi na kwenda kulala. Vilevile, matangazo ya kampuni halali iliyojulikana yakomeshwe kwa njia ya kujiondoa iliyowekwa na mtumaji. Ya mtu asiyejulikana yasiguswe viungo vyake kamwe, kwa sababu kubonyeza ni kumthibitishia tapeli kwamba anwani ina mwenyewe.

La nne ni kutoruhusu barua pepe pekee iamue mambo ya fedha. Badiliko lolote la akaunti ya benki lithibitishwe kwa simu, kwa nambari iliyokuwa katika faili tangu zamani, wala si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo hiyo. Na anayetuma jambo zito naye apige simu kuuliza iwapo limeonekana. Simu ya dakika moja ni rahisi kuliko wakili.

Mwisho, kila kampuni ikumbuke kwamba nayo ni mtumaji. Kabla ya kulalamika kwamba wateja hawajibu, ihakikishe kwamba mifumo ya uthibitisho imewekwa katika anwani zake, na kwamba seva inayoitumia haimo katika orodha nyeusi.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo limegawanyika, na ukurasa mmoja wake hujiandika mahali pasipotazamwa. Zamani barua za usajili zilikuwa na kitabu chake, na karani aliyeshindwa kueleza barua ilikokwenda aliitwa mbele ya mkubwa wake. Afisi zilizoachana na kitabu hicho zilipoingia katika barua pepe hazikuondokewa na haja ya kuwa na karani huyo. Zilimwachia mtambo kazi yake, na mtambo hauitwi mbele ya bodi ya rufaa wala mahakama kujieleza. Anayeitwa ni mwenye kampuni.